Mlangoni mwa Ghala: Serikali na Wauzaji wa Pombe kwa Jumla

Januari 2024 bia iliadimika Zanzibar. Hakuna kiwanda kilichofungwa Dar es Salaam, hakuna meli iliyozama, na kodi ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni karatasi. Bodi ya Udhibiti wa Vileo haikuhuisha vibali vya kampuni tatu zilizozoeleka kuingiza na kusambaza vinywaji visiwani, yaani One Stop, Scotch Store na ZMMI, na badala yake ikatoa vibali kwa waagizaji wapya ambao maghala yao hayakuwa tayari kwa mahitaji ya msimu. Kwa muda mfupi bei ya chupa ya bia ikakaribia kuwa mara mbili, na wenye hoteli wakaanza kuhesabu kilichobaki stoo. Mwishoni mwa mwezi huo waziri wa utalii, Simai Mohammed Said, akajiuzulu. Alisema mazingira ya kazi hayakuwa rafiki, na siku chache kabla alikuwa ameulalamikia uhaba huo hadharani.

Waliosikia habari hiyo kwa mbali waliweza kudhani ni shida ya watalii waliokosa kinywaji chao cha jioni. Uzito wake ulikuwa mkubwa kuliko hapo. Utalii ndio unaoiletea Zanzibar sehemu kubwa kabisa ya fedha za kigeni, na mwaka 2023 visiwa vilipokea wageni zaidi ya 600,000. Papo hapo, karibu wakazi wote ni Waislamu, na Serikali ya Mapinduzi ina kila sababu ya kutotaka vileo vizagae mitaani. Bodi ilipewa kazi ya kuishika mizani hiyo, na chombo chake kikubwa ni kibali cha mwagizaji. Rais wa Zanzibar, Hussein Mwinyi, baadaye alizungumzia mgongano wa maslahi katika biashara hiyo, na wengine wakauliza wapya walichaguliwa kwa vigezo gani. Vyovyote iwavyo, kisiwa kizima kilionja nguvu iliyomo ndani ya karatasi moja.

Nguvu hiyo si ya Zanzibar peke yake. Kila serikali inayoruhusu pombe hufika mahali inapomwambia muuzaji wa jumla auze nini, amuuzie nani, na katika chupa ya ukubwa gani. Swali ambalo halijapatiwa jibu moja popote ni hili: amri hizo zinamlinda nani hasa? Mnywaji, mlipa kodi, au mfanyabiashara aliyebahatika kukaa upande wa ndani wa mlango?

Muuzaji wa jumla ndiye mtu asiyeonekana katika biashara ya pombe. Mnywaji analijua jina la bia yake na anamjua mhudumu wa baa, lakini hamjui mwenye ghala aliyeshusha makreti alfajiri. Serikali inamjua. Viwanda vikubwa ni vichache, baa ni maelfu kwa maelfu, na katikati kuna maghala yanayoweza kuhesabika. Mfugaji anayetaka kuhesabu mbuzi wake huwahesabu wakipita mlangoni mwa zizi, hangoji watawanyike malishoni. Ndiyo maana leseni ya jumla hufanana karibu kila nchi: mzigo usiuzwe chini ya kiasi fulani, mteja asinywe papo hapo, mali itoke kwa mwenye leseni iende kwa mwenye leseni, na vitabu viwe wazi kwa mkaguzi. Sheria ya Vileo ya Tanzania ya mwaka 1968 iliitenga leseni ya jumla na ya rejareja, kisha ikaigawa ya rejareja yenyewe, baa ambamo mtu hukaa akanywa ikapata leseni yake na duka ambako hununua na kuondoka likapata yake.

Mlango huo ulikuwa na walinzi muda mrefu kabla ya uhuru. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 uliyafungia mataifa ya Ulaya kuingiza pombe kali katika sehemu kubwa ya Afrika, kati ya latitudo ya 20 kaskazini na ya 22 kusini, kule ambako pombe hizo hazikuwa zimeenea kwa sababu ya dini au nyinginezo. Mwaka 1919 mkataba wa Saint-Germain-en-Laye ukakaza zaidi. Kenya na Tanganyika sheria zilizofuata zilipimwa kwa rangi ya mtu: Mzungu aliuziwa wiski, Mwafrika aliyekutwa nayo alikuwa na kesi. Baada ya Vita Kuu ya Pili ndipo kamba ilipolegezwa, kwanza kwa bia ya chupa, kisha miaka ya 1950 kwa pombe kali.

Mafundisho makubwa zaidi ya enzi hiyo yalitoka Durban, Afrika Kusini. Tangu mwaka 1909 manispaa ya mji huo ilijitwalia haki ya pekee ya kupika bia ya nafaka na kuwauzia Waafrika katika kumbi zake, na faida ikagharamia utawala wa Waafrika haohao. Nairobi iliiga mwanzoni mwa miaka ya 1920 kule Pumwani. Manispaa ikawa mpishi, muuzaji wa jumla, muuzaji wa rejareja na askari kwa wakati mmoja. Mwanamke aliyekamatwa kwa kupika pombe nyumbani kwake alishtakiwa kwa jina la utulivu na afya, ingawa mbele ya hesabu za manispaa alikuwa pia mshindani wa biashara. Huo ndio mkanganyiko uliorithiwa: mkono unaotoza ushuru wa pombe ndio huo huo unaotakiwa kuizuia.

Serikali huru hazikuutupa urithi huo. Uganda ilipitisha Sheria ya Enguli mwaka 1965. Mpika enguli, pombe kali ya kijijini, hakukatazwa moja kwa moja, bali alitakiwa awe na leseni na auze kwa kiwanda kinachotambuliwa, ambako kinywaji kilisafishwa na kutiwa kwenye chupa zilizokuja kujulikana kama Uganda Waragi. Tanzania, baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, ilikitaifisha kiwanda cha bia, na biashara ya jumla ikaingia mikononi mwa mashirika ya umma, kuanzia shirika la biashara la taifa hadi kampuni za biashara za mikoa, zile ambazo watu waliziita RTC. Bidhaa zilipokauka mwanzoni mwa miaka ya 1980, bia nayo ikawa ya kibali, na wazee wanakumbuka kreti za harusi zilivyokuwa zikiombewa ofisini. Mambo yalibadilika mwaka 1993, kampuni ya Afrika Kusini iliponunua nusu ya kiwanda hicho, TBL, na malori ya bia yakaanza tena kufuata soko.

Taifa lililoandika mlango huu kwa uangalifu kuliko yote ni Marekani, na liliuandika likitoka kwenye maumivu. Kabla ya mwaka 1920 viwanda vya bia vilimiliki au kuzifadhili baa nyingi, na mwenye baa aliyebanwa na deni la kiwanda aliuza usiku kucha bila kujali anamuuzia nani. Hasira dhidi ya baa hizo ndiyo iliyosaidia kuleta marufuku kamili ya pombe, na marufuku nayo ikaleta magendo na magenge. Ilipoondolewa tarehe 5 Desemba 1933, kila jimbo lilikabidhiwa uamuzi wake. Majimbo mengi yaliijenga biashara kwa ngazi tatu zisizoruhusiwa kuoana: anayezalisha, anayeuza jumla, anayeuza rejareja. Muuzaji wa jumla aliwekwa katikati kwa makusudi, kama ukuta kati ya kiwanda na baa. Majimbo 17 hivi yalikwenda mbali zaidi, serikali yenyewe ikawa muuzaji wa jumla wa pombe kali. Pennsylvania ni mojawapo. Gavana wake wa wakati huo, Gifford Pinchot, alikuwa mpinzani wa ulevi na hakuficha kwamba alitaka ununuzi wa pombe uwe wa taabu na wa gharama.

Katika majimbo hayo, swali la nini kiuzwe lina jibu la moja kwa moja: kinauzwa kilicho kwenye orodha ya serikali. Faida za utaratibu huo ni za kweli. Mwaka 2010, vinywaji vilivyochanganya pombe na kafeini, maarufu kati yake kikiwa Four Loko, vilipohusishwa na vijana waliokimbizwa hospitali, majimbo kama Michigan na Washington yaliweza kuviondoa sokoni haraka kwa sababu mlango ulikuwepo na ufunguo ulijulikana uko wapi.

Lakini ufunguo huvutia mikono. Februari 2023 ilibainika kwamba maofisa waandamizi wa tume ya vileo ya Oregon walikuwa wakitumia nafasi zao kujitengea chupa za wiski adimu, Pappy Van Winkle ikiwamo, ambazo raia wa kawaida alizipata kwa bahati nasibu, kama alizipata kabisa. Walizilipia, lakini waliruka foleni waliyopaswa kuilinda, na mkurugenzi wa tume akalazimika kuachia ngazi.

Jirani yake Washington iliamua kuuondoa mkono wa serikali kabisa. Novemba 2011 wapiga kura waliidhinisha sheria iliyosukumwa na Costco, duka kubwa lililotumia zaidi ya dola milioni 20 katika kampeni hiyo, na tarehe 1 Juni 2012 maduka 328 ya serikali na yale ya mkataba yakapoteza haki yao ya pekee. Idadi ya maduka ya pombe kali ikapanda hadi zaidi ya 1,400. Bei, ambayo wengi walitarajia ishuke, ilipanda, kwa kuwa sheria hiyohiyo iliwawekea wasambazaji tozo ya asilimia 10 na wauzaji wa rejareja asilimia 17 ili hazina isipungukiwe. Tena, kwa kawaida leseni mpya ilitolewa kwa duka lenye ukubwa usiopungua futi za mraba 10,000, sharti ambalo Costco ililitimiza bila jasho na mwenye duka la mtaani hakuweza hata kuliota. Ulioitwa uhuru wa soko ulikuja na kipimo cha mlango kilichomfaa aliyegharamia mlango.

Sweden inafundisha jambo jingine, la hila zaidi. Nchi hiyo ilipojiunga na Umoja wa Ulaya mwaka 1995 ilikubali kuachana na ukiritimba wa kuagiza na kuuza jumla, ila maduka ya serikali ya rejareja, Systembolaget, yakabaki. Mwenye duka aitwaye Harry Franzén aliuza mvinyo bila leseni kwa makusudi, siku ya kwanza kabisa ya uanachama, ili apelekwe mahakamani. Oktoba 1997 Mahakama ya Haki ya Ulaya ilitoa hukumu yenye pande mbili. Duka la serikali lenye kulinda afya linaruhusiwa, ilimradi lisibague bidhaa za nchi nyingine. Leseni za jumla na za uagizaji hazikuruhusiwa kubaki zilivyokuwa, kwa sababu ada zake na masharti ya ghala viliwafungia njia waagizaji kuliko ilivyohitajika kwa afya ya umma. Mahakama ilitenganisha mambo mawili ambayo serikali nyingi huyachanganya: kupunguza ulevi, na kupunguza watu wanaoruhusiwa kufanya biashara. La kwanza lina hoja. La pili linahitaji ushahidi wake lenyewe.

Mtengano huo unafaa kurudi nao nyumbani, kwani Afrika Mashariki imejaribu yote mawili katika muda wa miaka michache.

Mfano mzuri wa kudhibiti bidhaa ni viroba. Kwa miaka mingi pombe kali iliuzwa Tanzania katika vifuko vya plastiki vya mililita 50 na 100, vya bei ya mfuko wa mwanafunzi, vikaingia shuleni kwenye mabegi, na kwenye mifuko ya madereva na bodaboda. Tarehe 16 Februari 2017, akiwa Mererani, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza kwamba kuanzia Machi mosi viroba vitakuwa marufuku: kutengeneza, kuingiza, kusambaza, kuuza na kutumia. Kanuni ziliandikwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, jambo ambalo si la kupuuzwa, maana kilichokatazwa kisheria kilikuwa kifungashio cha plastiki, na kilichokusudiwa kilikuwa pia kiasi kidogo cha pombe kali kwa bei ndogo. Uganda ilifuata mwaka 2019 kwa kutaka chupa isiyopungua mililita 200. Kenya ilikuwa imetangulia: sheria ya mwaka 2010, iliyofahamika kwa jina la mbunge John Mututho, iliviondoa vifuko na kutaka pombe kali iwe kwenye chupa ya mililita 250 au zaidi.

Makatazo ya aina hii yana sifa moja kubwa: hayachagui mtu. Kila msambazaji, mkubwa kwa mdogo, anaambiwa jambo lilelile, na mkaguzi hahitaji maabara wala hukumu ya mtu, anatazama tu ukubwa wa chupa. Lakini namna yalivyotekelezwa Tanzania ilimuumiza zaidi aliyekuwa katikati. Kati ya tangazo na utekelezaji zilipita siku 13. Kiwanda kiliweza kubadili mashine, na mwenye duka la mtaani alikuwa na katoni mbili tatu. Muuzaji wa jumla ndiye aliyekuwa na ghala limejaa mzigo uliolipiwa ushuru, mara nyingi kwa mkopo wa benki, uliokuwa halali Jumanne na haramu Jumatano. Wakaguzi waliingia maghalani na mali ya mamilioni ikazuiliwa. Kusudi la serikali lilikuwa jema na viroba vilistahili kuondoka. Muda wa miezi mitatu na utaratibu wa kurudisha mzigo kiwandani usingemwongezea mtoto wa shule kifuko hata kimoja, kama kiwanda kingesimamishwa siku ileile.

Upande wa pili wa jambo hilo uko baa. Chupa ya mililita 200 ilipochukua nafasi ya kiroba, wauzaji wa rejareja waliendelea kupima kwa toti. Anayetaka kidogo bado anapata kidogo, ila sasa anakipata akiwa amekaa, mbele ya mtu mzima aliyemmiminia. Mtoto hawezi tena kukificha kwenye mkoba wa madaftari. Hapo sheria ilifanya kazi, hata kama haikufanya kila kazi iliyotangazwa.

Udhibiti mwingine wa bidhaa ni stempu. Kenya ilianza mfumo wa kielektroniki wa stempu za ushuru mwaka 2013, na Tanzania ikaanza wake Januari 2019. Chupa hubeba alama inayosomeka kwa simu, ikionyesha nani ameitengeneza na kama ushuru umelipwa, na Mamlaka ya Mapato ya Kenya ina programu yake, Soma Label, anayoweza kuitumia hata mnywaji. Kwa muuzaji wa jumla stempu ni kinga na mtego pamoja. Inamwonyesha mzigo bandia kabla hajaulipia, na inamwondolea kisingizio cha kutojua.

Haja ya kinga hiyo imeandikwa kwa makaburi. Novemba 2000, katika vitongoji vya Mukuru jijini Nairobi, zaidi ya watu 100 walikufa kwa pombe ya bei poa iliyotiwa methanoli. Mwaka 2005 ikawa zamu ya Machakos. Mei 2014 vifo vikatapakaa Embu, Kitui, Kiambu, Murang'a na Makueni, zaidi ya 80. Methanoli ni kemikali ya viwandani. Haina harufu ya kumshtua mnywaji, lakini mwilini hugeuka sumu inayoua mishipa ya macho kwanza, na baadhi ya walionusurika walibaki vipofu. Haiingii kwenye pombe kwa bahati mbaya ya mama mmoja na sufuria yake: ni lazima mtu aiagize, aihifadhi, aichanganye na kuisambaza kwa wingi. Yaani ni lazima kuwe na ghala. Tangu mwaka 2010 chang'aa, pombe kali ya kupikwa nyumbani, imeruhusiwa Kenya kwa masharti, baada ya sheria ya mwaka 1980 iliyoipiga marufuku kufutwa, kwa matumaini kwamba wapishi watajitokeza, wapimwe na kuwekewa chupa na stempu. Wachache waliweza kuyatimiza masharti ya chupa na viwango, na wengine wote wakabaki gizani walikokuwa.

Kuna jaribio moja lililoonyesha kwamba bei huvuta watu kutoka gizani kuliko rungu. Mwaka 2004 kampuni ya bia ya EABL ilianza kuuza Senator Keg, bia ya pipa yenye nafuu ya ushuru, kwa lengo la kuwafikia wanywaji wa chang'aa. Wasambazaji walipeleka mapipa, baa zikamimina kwa vikombe, na wakulima wa mtama wa magharibi mwa Kenya wakapata soko. Mwaka 2013 nafuu hiyo ilipunguzwa kwa nusu, bei ikapanda, na mauzo yakaporomoka kwa sehemu kubwa. Vifo vya Mei 2014 vilikuja miezi michache baadaye. Kufuatana kwa matukio si ushahidi kwamba moja lilizaa jingine, lakini serikali yenyewe ilirudisha sehemu kubwa ya nafuu hiyo katika muda usiozidi miaka miwili.

Rungu lilirudi hata hivyo. Julai 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliagiza pombe iliyoitwa ya kizazi cha pili, yaani vinywaji vikali vya viwandani vya bei nafuu, iondolewe, na wabunge wa Kenya ya Kati waliongoza umati wa watu kumwaga mizigo ya baa na maghala, ikiwamo ya watu wenye leseni na stempu. Wenye viwanda wakakimbilia mahakamani. Februari 2024, katika kijiji cha Kangai, Kirinyaga, watu zaidi ya kumi walikufa tena. Serikali ilieleza kwamba kinywaji kilichowaua kilikuwa kimeshakamatwa, kikawekwa kama kielelezo katika kituo cha polisi, kisha kikatoroshwa na kurudishwa sokoni. Mwezi uliofuata waziri Kithure Kindiki alitangaza hatua zaidi ya 20, kubwa kati yake ikiwa kusimamisha leseni za viwanda vyote vya pombe ya kizazi cha pili vikaguliwe upya. Adhabu iliwafikia wote waliokuwa kwenye daftari. Pombe ya Kangai, kwa maelezo ya serikali yenyewe, ilitoka kwenye ghala ambalo leseni yake haikuwa ya mfanyabiashara yeyote.

Yote haya yanachukulia kwamba mlango uko mikononi mwa serikali. Mara nyingi hauko huko. Mwaka 2002 EABL na kampuni kubwa ya bia ya Afrika Kusini zilimaliza vita vyao kwa kugawana nchi: kiwanda cha Castle kule Thika kikafungwa, cha Kibo kule Moshi kikafungwa, kila upande ukachukua hisa asilimia 20 kwa mwenzake, na kila moja ikabaki na soko lake. Bila amri ya waziri yeyote, msambazaji wa Arusha na wa Nakuru walijikuta na mtu mmoja mkubwa wa kununua kwake.

Nguvu hiyo ya kibinafsi ilifika hadi Mahakama ya Juu ya Kenya katika shauri la Bia Tosha, msambazaji aliyedai kwamba alilipishwa mamilioni ya shilingi ili apewe njia za kusambazia bia za Kenya Breweries, kampuni tanzu ya EABL, kisha njia hizo akanyang'anywa. Kampuni ilisema huo ni mgogoro wa mkataba, upelekwe kwa wasuluhishi. Februari 2023 mahakama iliamua kwamba haki za Katiba zinaweza kudaiwa hata baina ya watu binafsi, na kwamba Mahakama Kuu ina mamlaka ya kulisikiliza dai hilo. Haikusema Bia Tosha imeshinda fedha zake. Ilisema tu kwamba kuwa mlinzi wa mlango kwa mkataba hakumwepushi mtu na Katiba. Kwa maelfu ya wasambazaji wanaoishi kwa barua ya kampuni inayoweza kufutwa kwa notisi, hayo ni maneno mazito kuliko kanuni nyingi za leseni.

Ukiweka mifano hii pamoja, mwelekeo unaonekana. Amri zinazogusa kitu, kama ukubwa wa chupa, stempu, kilichomo ndani na bei kupitia ushuru, hufanya kazi zikipewa muda. Amri zinazogusa watu, kama wachache wapewe vibali, wengine wafutiwe, mlango uwe wa futi fulani, hupunguza washindani kwa hakika na kupunguza ulevi kwa kubahatisha. Zanzibar ina sababu nzuri kuliko nchi nyingi za kutaka mlango mwembamba. Lakini wembamba unaolinda maadili ya mji unaweza kuwekwa kwa masharti yaliyoandikwa, muda wa kukabidhiana mizigo na nafasi ya kukata rufaa, na wageni wasione tofauti yoyote kwenye meza zao.

Kenya ina ugumu wake wa ziada. Katiba ya mwaka 2010 ilizipa serikali za kaunti leseni za vileo, na sasa kuna kaunti 47 zenye sheria na ada zao, wakati stempu, viwango na sera vimebaki Nairobi. Lori la msambazaji mmoja linaweza kupita mikononi mwa mamlaka kadhaa kabla ya jua kuchwa.

Julai 2025 serikali ilizindua sera mpya ya taifa iliyopendekeza umri wa kununua pombe upandishwe kutoka miaka 18 hadi 21, na mauzo ya supamaketi, ya mtandaoni na ya kupelekewa nyumbani yazuiwe. Kelele zilipozidi, waziri Kipchumba Murkomen alifafanua kwamba hiyo ni sera na bado si sheria. Pendekezo la mwisho kati ya hayo ndilo linaloligusa ghala moja kwa moja. Siku hizi chupa inaweza kuagizwa kwa simu na kupelekwa na bodaboda hadi mlangoni, na baa, yenye leseni ukutani na mtu mzima kaunta, imeachwa nje ya safari hiyo. Mkaguzi anayehesabu makreti yanayoingia ghalani ataona hesabu imekamilika, ushuru umelipwa na stempu ni halali. Umri wa mtu aliyepokea mfuko huo utajulikana kwa dereva wa bodaboda peke yake, ikiwa aliuliza.